Kura ya Nchi Iliyogawanyika na Amani ya Majirani: Migori na Homa Bay katika Mizani ya Afrika Mashariki

Uchaguzi mkuu kwa kawaida huchukuliwa kuwa shughuli ya ndani ya nchi, inayoanza kwa kuandikisha wapiga kura na kumalizika kwa kiapo cha rais, lakini katika Afrika Mashariki, ambako mipaka ya kikoloni ilipita katikati ya ziwa, katikati ya malisho na hata katikati ya koo za watu, kura inayobishaniwa katika nchi moja haijawahi kuishia kwenye kituo cha forodha. Kaunti mbili za kusini-magharibi mwa Kenya, Migori na Homa Bay, zinalionyesha jambo hili kwa uwazi ambao ni nadra kuupata kwingine. Migori inapakana na Tanzania kwa nchi kavu, pale Isebania inapotazamana na Sirare, na wavuvi wake hufikia maji ya Tanzania na Uganda ndani ya Ziwa Viktoria. Homa Bay, yenye visiwa vya Rusinga, Mfangano, Remba na Ringiti, inaishi kwa ziwa hilohilo. Kaunti hizi ziko pembezoni kwa maana mbili: ziko ukingoni mwa nchi, na kwa miongo mingi wakazi wake wengi wamekuwa nje ya duara la watawala.

Kwa maneno “nchi iliyogawanyika” hapa panakusudiwa nchi ambayo raia wake wengi, ingawa wanaishi chini ya bendera moja na sheria moja, hupiga kura kwa kufuata jamii au eneo walikotoka, na huona kiti cha urais kuwa ndicho mlango pekee wa kupatia barabara, ajira na heshima, hata kushindwa kwa mgombea wao kukawa ni sawa na kufungiwa nje ya nyumba yao wenyewe. Wakenya wana usemi mfupi wa hali hiyo: zamu ya kula. Nayo “amani ya eneo” ina maana mbili ambazo uchambuzi wowote wa haki sharti uzitenganishe. Maana ya kwanza ni kutokuwepo kwa vita kati ya majeshi ya mataifa. Maana ya pili ni hali ambayo mvuvi, mchuuzi na abiria huvuka mpaka bila kupigwa, kunyang'anywa wala kushukiwa. Kenya haijawahi kupigana na jirani yake kwa sababu ya uchaguzi, na kwa maana ya kwanza inaweza kujisifu. Kwa maana ya pili, deni lake kwa watu wa mpakani bado halijalipwa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba usalama wa eneo zima hutegemea namna upande ulioshindwa unavyohesabiwa na kutendewa baada ya kura, kuliko unavyotegemea jina la aliyeshinda.

Mizizi ya mgawanyiko

Mgawanyiko wa Kenya una umri unaokaribia ule wa uhuru wenyewe. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha Kenya People's Union, kilichoitwa KPU, kikiwa na ngome yake katika Nyanza ya Kati na Kusini. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri aliyekuwa na asili ya Kisiwa cha Rusinga, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi, naye akazikwa Rusinga. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, Rais Jomo Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, ghasia zilizuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU kilipigwa marufuku, na uchaguzi wa Desemba 1969 ukafanyika bila chama kingine isipokuwa chama tawala, KANU. Matukio hayo matatu, yaani mgawanyiko wa viongozi, mauaji na kufungwa kwa njia halali ya kupinga, ndiyo yaliyofanya kura ya watu wa ziwani ibebe tangu hapo uzito wa kumbukumbu pamoja na uzito wa sera.

Hata hivyo, ni kosa kuzitazama kaunti hizi kama jiwe moja. Katika Migori, majimbo ya Kuria Mashariki na Kuria Magharibi yana jamii ya Wakuria, ambayo mara nyingi imeegemea upande wa serikali na ambayo ndugu zake wengi wako ng'ambo ya mpaka, wilayani Tarime. Waluo wa Migori nao wana ndugu zao Rorya, katika mkoa uleule wa Mara. Katika Homa Bay wako Wasuba, ambao kwa vizazi kadhaa wengi wao wamezungumza Kiluo huku wakitunza nasaba yao. Kwa hiyo mgawanyiko wa taifa hujirudia ndani ya kaunti, na undugu unaovuka mpaka hujirudia kwa kila upande wa mgawanyiko huo. Anayetaka kuelewa jinsi uchaguzi wa Nairobi unavyoweza kutikisa Tarime ya Tanzania au Jinja ya Uganda anapaswa kuanza na ukweli huu: uraia hukoma kwenye nguzo ya mpaka, lakini ukoo, soko na samaki havikomi hapo.

Njia ya kwanza: barabara na bidhaa

Njia ambayo mtikisiko wa uchaguzi husafiri kwa kasi zaidi ni barabara. Kura ya tarehe 27 Desemba 2007, ambayo matokeo yake yalitangazwa tarehe 30 Desemba na Mwai Kibaki akaapishwa jioni hiyohiyo, ilifuatwa na wiki nyingi za mauaji. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na zaidi ya theluthi moja ya waliouawa walikufa kwa risasi. Mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Katika miji ya Nyanza maduka yaliporwa, na wenye asili ya jamii zilizohusishwa na serikali wakafukuzwa. Katika Bonde la Ufa maelfu walivuka mpaka kuingia Uganda na kuwa wakimbizi.

Barabara kuu kutoka Mombasa kupitia Nakuru na Eldoret hadi Malaba na Busia ndiyo koo inayopitisha mafuta na chakula cha Uganda, Rwanda, Burundi, kusini mwa Sudan na mashariki mwa Kongo. Vijana walipoweka vizuizi juu ya barabara hiyo Januari 2008, na wengine wakang'oa reli katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, petroli ilipungua Kampala na Kigali, bei zikapanda, na misaada ya chakula iliyokusudiwa nchi jirani ikakwama. Serikali zisizo na bandari zilijifunza somo ambalo hazijalisahau: kwamba usalama wao wa kiuchumi umefungwa kwenye karatasi za kura za nchi nyingine. Kuanzia hapo hoja ya kutafuta njia ya pili kupitia Tanzania ilipata nguvu, na mwaka 2016 Uganda ilipoamua bomba la mafuta yake ghafi lielekee Tanga badala ya kupita Kenya, usalama ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyopimwa pamoja na gharama.

Kwa Migori, funzo la barabara lina sura ya zamani zaidi. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mzozo huo haukuzaliwa na uchaguzi, lakini ulionyesha mapema nini hutokea pale watawala wanapokosana: mahindi na sukari viliendelea kuvuka usiku, biashara halali ikageuka magendo, na vijana wa mpakani wakakua wakijua kwamba sheria ni kitu cha kukwepwa. Amani iliyopotea kwa namna hiyo haikuwa na mlio wa bunduki, ndiyo maana haikuandikwa katika vitabu vya vita.

Njia ya pili: maji na kisiwa

Njia ya pili ni mpaka wenyewe, na hapa Migori ina mfano ambao hauna kifani katika Afrika Mashariki. Ziwa Viktoria limegawanywa kati ya nchi tatu kwa viwango visivyolingana: Tanzania ina takriban asilimia 51, Uganda 43, na Kenya 6 tu. Ndani ya sehemu hiyo ndogo ya Kenya, wavuvi wa Nyatike, Mbita na Suba wanawania sangara (ambaye wenyeji humwita mbuta), ngege (aina ya perege), na omena, yaani dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa. Samaki wanapopungua karibu na ufuo, mashua husogea mbali zaidi, na kila maili moja zaidi ni hatua ya kuingia katika maji ya nchi nyingine.

Migingo, kisiwa cha mwamba kisichofikia ekari moja, kilianza kukaliwa na wavuvi miaka ya 1990, na mwaka 2004 Uganda ikapeleka polisi wake huko. Kenya inakihesabu kuwa sehemu ya Nyatike katika Migori, ikitegemea mipaka iliyoandikwa katika amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1926. Mgogoro huo ulilipuka mwaka 2009, yaani mwaka mmoja tu baada ya nchi kuunda serikali ya mseto ambayo wananchi waliiita nusu mkate, kwa sababu kila upande ulipewa nusu ya madaraka. Wakati huo ulikuwa na maana. Rais Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza kumpongeza Kibaki baada ya matokeo ya 2007, na katika Nyanza uvumi ulienea kwamba askari wa Uganda walikuwa wameingia nchini kuisaidia serikali, jambo ambalo Uganda ilikanusha. Kwa hiyo bendera ya Uganda ilipoonekana juu ya mwamba wa Migingo, wengi katika Migori hawakuiona kuwa suala la wapima ardhi. Waliiona kuwa mwendelezo wa uchaguzi ulioibwa, na wakaituhumu serikali yao kwa kunyamazia uvamizi kwa sababu ya fadhila za kisiasa.

Museveni alikubali mwezi Mei 2009 kwamba kisiwa kiko Kenya, ila akashikilia kwamba maji yanayokizunguka ni ya Uganda, na upimaji wa pamoja wa mwaka huo ukakiweka kisiwa takriban nusu kilomita ndani ya Kenya. Hata hivyo tatizo halikuisha, kwa kuwa mvuvi hali mwamba. Anakula kilicho majini. Kukamatwa kwa wavuvi wa Kenya, kunyang'anywa nyavu na injini, na kutozwa faini na askari wa nchi jirani kumeendelea kuwa malalamiko ya kila mwaka katika fuo za Muhuru, Sori na Remba. Hatari ya kiuchambuzi ni hii: suala la mpaka likishafungamanishwa na jeraha la uchaguzi, kila mgombea anayehitaji kura atapata faida kwa kulichochea, na kila rais anayehitaji rafiki ng'ambo atapata faida kwa kulinyamazia, na kati ya faida hizo mbili hakuna anayefaidika kwa kulimaliza.

Historia ya ziwa hilohilo inaonya kuhusu mwisho wa mchezo wa namna hiyo. Februari 1976 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alidai kwamba sehemu kubwa za magharibi mwa Kenya ni za Uganda. Kenya ikabana njia ya bidhaa zake kutoka Mombasa, naye akarudi nyuma. Oktoba 1978, akiwa na uasi ndani ya jeshi lake, alivamia Kagera nchini Tanzania na kuleta vita vilivyomwondoa mwaka uliofuata baada ya maelfu kufa. Amin hakuwa ametoka katika uchaguzi wowote, na hapo ndipo lilipo funzo: mtawala asiye na ridhaa ya watu wake ana kishawishi kikubwa cha kutafuta adui nje ya mipaka.

Njia ya tatu: heshima ya msuluhishi

Njia ya tatu haionekani kwa macho, lakini huenda ndiyo yenye uzito zaidi kwa vita vya mbali. Usuluhishi ni kazi ya mtu wa tatu anayewakutanisha wanaopigana, na mtaji wake mkubwa ni kuaminiwa. Kenya ilijijengea mtaji huo kupitia mazungumzo ya Machakos na Naivasha, yaliyoongozwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo na kuzaa mkataba wa amani wa Sudan uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Miaka mitatu baadaye msuluhishi huyo alihitaji kusuluhishwa: Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, walikaa Nairobi kwa wiki kadhaa, na mkataba wa tarehe 28 Februari 2008 kati ya Kibaki na mpinzani wake, Raila Odinga, ukapatikana Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akiwa amejiunga na mazungumzo. Nchi iliyozoea kuandaa meza ya wengine ililetewa meza nyumbani kwake.

Uchaguzi wa mwaka 2013 uliendeleza athari hiyo kwa namna nyingine. Uhuru Kenyatta na William Ruto waliingia madarakani wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague yaliyotokana na ghasia za 2007, na diplomasia ya Kenya ikatumika kwa kiasi kikubwa kutafuta mshikamano wa Afrika dhidi ya mahakama hiyo. Katika kipindi hichohicho Kenya, Uganda na Rwanda zilisogeleana, huku Tanzania ikihisi kutengwa, hata Rais Kikwete akalieleza Bunge lake jambo hilo Novemba 2013. Kura ya ndani ilikuwa imegeuza ramani ya urafiki wa nje.

Ni katika Kongo, hata hivyo, ambako uhusiano wa uchaguzi na vita umeonekana bila pazia. Corneille Nangaa, mtu yuleyule aliyeongoza tume ya uchaguzi na kumtangaza Félix Tshisekedi mshindi baada ya kura ya Desemba 2018 iliyobishaniwa sana, alijitokeza Nairobi tarehe 15 Desemba 2023, siku tano tu kabla ya uchaguzi mwingine, na kutangaza muungano wa waasi uliojumuisha kundi la M23. Kinshasa ilimwita balozi wake nyumbani kutoka Nairobi. Mwezi huohuo wanajeshi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao wale wa Kenya walikuwa wametangulia kuingia Goma Novemba 2022, walikuwa wakiondoka kwa kuwa Kongo haikutaka wabaki. Na Januari 2025 M23 wakaiteka Goma. Vita hivyo vina sababu nyingi, zikiwemo ardhi, madini na mkono wa majirani, lakini msimamizi wa kura anapogeuka kiongozi wa waasi, hakuna anayeweza kudai kwamba daftari la wapiga kura halihusiani na bunduki.

Kura ambazo hazikupigwa

Katika historia hii yote, tarehe inayozihusu Migori na Homa Bay kwa karibu zaidi ni 26 Oktoba 2017. Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, ilikuwa imefuta matokeo ya urais ya tarehe 8 Agosti kwa sababu ya kasoro katika upitishaji wa matokeo, uamuzi ambao haukuwa umewahi kutolewa barani Afrika dhidi ya rais aliye madarakani. Raila Odinga, mgombea wa upinzani, alijiondoa katika marudio akidai kwamba tume ya uchaguzi haijarekebishwa. Siku ya kura ilipofika, katika sehemu kubwa ya kaunti nne za Homa Bay, Kisumu, Migori na Siaya vituo havikufunguliwa. Vifaa vilizuiwa, makabiliano na polisi yakagharimu maisha, na tume ikaahirisha upigaji kura hadi tarehe 28 Oktoba, kisha ikauahirisha bila kutaja siku. Upande wa Kuria hali ilikuwa tofauti, na mpasuko wa taifa ukaonekana ndani ya kaunti moja. Mshindi, Uhuru Kenyatta, alitangazwa akiwa na takriban asilimia 98 ya kura, huku waliojitokeza nchini kote wakiwa chini ya nusu ya walioandikishwa.

Kisheria rais alipatikana. Kisiasa, sehemu nzima ya nchi, tena sehemu inayopakana na mataifa mawili, haikuwa imehesabiwa. Majirani walipaswa kushughulika na serikali ambayo raia wa upande wa pili wa mpaka hawakuitambua, na tarehe 30 Januari 2018 Odinga alikula kiapo cha kuwa “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru Park. Iwapo mashua ya wavuvi ingeshambuliwa ziwani wiki hiyo, nani angesema kwa niaba ya Nyatike na akasikilizwa Kampala na Nyatike pia? Swali hilo linaonyesha kwamba kutotambulika kwa mamlaka mpakani ni udhaifu wa ulinzi wa taifa, hata kama kambi za jeshi zimejaa.

Kupeana mikono kwa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga tarehe 9 Machi 2018 kulituliza hali kwa siku moja zaidi ya maandamano yote yaliyotangulia. Lakini mapatano ya wakubwa yana kasoro inayofahamika vyema katika vijiji vya ziwani: hufunga jeraha bila kulisafisha. Familia za waliouawa hazikuwa sehemu ya mazungumzo, na kanuni za kuhesabu kura hazikuwa ndizo kiini chake.

Kwa nini vita vya mataifa havikuzuka

Ni haki kuuliza kwa nini, pamoja na hayo yote, Kenya na majirani zake hawakupigana. Sababu ya kwanza ni kutegemeana: Uganda inaihitaji Mombasa, na viwanda vya Kenya vinalihitaji soko la Uganda, kama ilivyodhihirika tangu mwaka 1976. Sababu ya pili ni kwamba jeshi la Kenya, tofauti na polisi, kwa kiasi kikubwa halikugawanyika kwa mistari ya wagombea. Sababu ya tatu ni kwamba kulikuwa na mtu ambaye upande ulioshindwa ulimsikiliza, naye akaweza kuketi na mshindi.

Mahali ambapo sababu hizo hazikuwepo, mambo yalikwenda vingine. Burundi ilimchagua Melchior Ndadaye kuwa rais Juni 1993, na wanajeshi wakamuua Oktoba mwaka huo. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu, hatimaye zaidi ya watu 400,000 walikimbia, wengi wao wakiingia Tanzania, na Burundi na Rwanda zikaanza kushutumiana kuhusu waasi. Kinachoitofautisha Kenya na Burundi si tabia njema ya watu wake, kwa kuwa Warundi nao wanapenda amani. Ni kuwepo kwa mahakama, kaunti na desturi za mazungumzo ambazo zinaweza kupokea hasira kabla haijashika silaha.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imechangia hapo kuliko inavyopewa sifa. Kwa kuunda kaunti 47 na kuzitengea angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, ilihakikisha kwamba mwananchi wa Awendo au Ndhiwa, hata mgombea wake wa urais akishindwa, bado ana gavana wa kumdai hospitali na barabara. Mlango wa nyumba haukuwa mmoja tena. Mwaka 2022 jambo la pili liliongezeka: picha za fomu 34A, yaani karatasi za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa hadharani kutoka vituo zaidi ya 46,000, hata mtu wa Mbita akaweza kusoma matokeo ya Turkana. Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga, makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo, lakini mzozo ukapelekwa mahakamani, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikayathibitisha. Malaba haikufungwa, Isebania haikufungwa, na rais mpya alimwacha mtangulizi wake aendelee na mazungumzo ya amani ya mashariki mwa Kongo. Maandamano ya upinzani ya mwaka 2023 na vifo vilivyotokea yalionyesha kwamba ugonjwa haukuwa umepona, ila yalionyesha pia kwamba dawa hufanya kazi pale inapotumiwa.

Upepo kutoka upande wa pili

Hadi hapa Kenya imetazamwa kama chanzo cha mtikisiko, lakini mwaka 2025 uliwakumbusha watu wa Migori kwamba upepo huvuma pande zote. Uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika huku chama cha upinzani cha CHADEMA kikiwa kimezuiwa kushiriki na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa kizuizini kwa mashtaka ya uhaini. Maandamano yalizuka, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa Dar es Salaam, na watu wengi wakauawa. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa takriban asilimia 98. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wale wa nchi za Kusini mwa Afrika walisema waziwazi kwamba kura hiyo haikufikia viwango. Katika mpaka wa Namanga shughuli zilivurugika, na familia za Kenya zenye watu wao ng'ambo zikakaa siku kadhaa bila habari.

Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa ndiyo nguzo ambayo majirani waliiegemea: Mkapa na Kikwete walikuja Nairobi mwaka 2008 wakiwa na mamlaka ya kimaadili ya nchi tulivu. Nguzo hiyo inapoingia ufa, eneo lote linapungukiwa na msuluhishi kwa wakati mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wanachama wake husita kukosoana kwa kuwa kila mmoja anahofia zamu yake, imebaki na waangalizi wanaofika siku chache kabla ya kura na kuondoka siku chache baadaye.

Kuelekea mwaka 2027

Kenya itapiga kura tarehe 10 Agosti 2027, na mizani imebadilika katika jambo moja kubwa. Raila Odinga, ambaye alitia saini mapatano na Kibaki mwaka 2008, na Kenyatta mwaka 2018, na Ruto tarehe 7 Machi 2025, alifariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba 2025. Kwa kipindi cha karibu miaka ishirini amani ya baada ya uchaguzi ilitegemea uwezo wa mtu mmoja kuwaita vijana watoke barabarani. Viongozi wa Homa Bay na Migori leo wamo katika serikali jumuishi, na John Mbadi wa Suba ndiye anayeshika Wizara ya Fedha; lakini kuwa karibu na meza ni jambo moja, na kuaminiwa na kijana wa Sori ambaye hana kazi ni jambo jingine. Sababu ya tatu kati ya zile zilizoizuia Kenya isitumbukie vitani imeondoka, na haiwezi kurithiwa kwa jina.

Kwa hiyo kilichokuwa kikifanywa na mtu sharti sasa kifanywe na utaratibu, na utaratibu huo una sehemu ambazo ziko ndani ya uwezo wa nchi. Tume ya uchaguzi inapaswa kulinda desturi ya 2022 ya kuonyesha kila fomu, na kuhakikisha kwamba kituo cha kisiwani hakifungwi kwa sababu ya hofu wala kwa sababu ya uzembe. Polisi wanaopelekwa ziwani wanapaswa kuwajibika kwa kila risasi, kwa maana kifo kimoja kisichochunguzwa mwaka huu ni kizuizi cha barabarani mwaka ujao. Uvuvi wa ziwa unapaswa kuwekewa leseni na doria za pamoja kati ya nchi tatu kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria lenye makao Jinja, ili Migingo iache kuwa silaha ya kampeni. Mabaraza ya wazee, likiwemo inchama la Wakuria, ambayo yana mamlaka pande zote mbili za mpaka, yanapaswa kukutanishwa kabla ya kura badala ya kuitwa baada ya moto kuwaka. Na Jumuiya inapaswa kuwa na jopo la kudumu la wasuluhishi, lenye ruhusa ya kusema ukweli Kampala na Dodoma kama linavyousema Nairobi.

Sheria ya Kenya inataka nakala ya fomu ya matokeo ibandikwe mlangoni mwa kituo, ambacho katika Nyatike na Suba mara nyingi ni shule ya msingi iliyo karibu na ufuo. Mwezi Oktoba 2017 milango mingi ya shule hizo ilibaki mitupu. Agosti 2027, mvuvi anayeshuka jioni kuelekea kwenye taa za omena akiweza kusimama hapo, akasoma hesabu aliyoshuhudia ikifanywa, na akaamini kwamba idadi hiyohiyo ndiyo itakayosomwa Nairobi hata kama mgombea wake ameshindwa, basi atakwenda ziwani akiwa raia wa dola inayoweza kumtetea mbele ya jirani, na jirani naye atakuwa na dola ya kuzungumza nayo.